Ufunguo Umepotea, Amana Ipo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, muhula uliopita alikuja mzee mmoja kutoka Bombo. Baada ya Adhuhuri aliuliza pale msikitini ofisi ya jumuiya yetu iko wapi, nasi tukampeleka. Alikuwa Mnubi, anazungumza Kiswahili kile cha wazee, kilichotulia, na mkononi alikuwa na bahasha. Mwanawe alisoma nasi hapa, akafariki wakati wa likizo kabla hajamaliza mwaka wa tatu. Allah amrehemu na amsamehe. Mzee hakuja kudai kitu wala kulalamika. Alikuja na swali moja tu.

"Wanangu," alisema, "marehemu aliniambia alikopa katika mfuko wenu, na kwamba alikuwa akilipa kidogo kidogo. Naomba kujua, amekufa akiwa na deni au hana?"

Tuliangaliana. Jibu lilikuwepo, tena lilikuwa mezani mbele yetu, ndani ya kompyuta. Lakini lilikuwa limefungwa, na ufunguo wake ulikuwa umepotea. Yaliyotokea baada ya hapo yamenifanya nijiulize swali ambalo nataka tulijadili katika ukurasa huu: mtu aliyekabidhiwa amana akipoteza ufunguo wake, ana haki ya kuvunja kufuli?

Kufuli lenyewe

Kwanza nieleze jambo lilivyokuwa. Jumuiya yetu ina mfuko mdogo wa mkopo mwema usio na riba. Mwanafunzi aliyepungukiwa ada, kodi ya chumba au pesa ya hospitali hukopa na kulipa kwa awamu. Miaka kadhaa iliyopita katibu wetu wa wakati huo, ndugu mwenye bidii, alitengeneza hifadhidata ya mfuko kwa kutumia Microsoft Access ya 2003. Humo yameandikwa majina ya wakopaji, kiasi walichokopa na walicholipa, na pia majina ya wanafunzi waliopewa zaka. Kwa sababu hiyo aliifunga. Kila aliyeomba msaada aliahidiwa kwamba jina lake litaonwa na watu wawili tu, katibu na mweka hazina.

Access za zamani zilikuwa na utaratibu wa usalama unaotumia mafaili mawili. Faili la kwanza ni hifadhidata yenyewe, na ndani yake zimo pia ruhusa: nani asome nini, nani aandike wapi. Faili la pili ni la usalama, na humo ndimo yanamokaa majina ya watumiaji, makundi yao na maneno yao ya siri. Mfumo ukikutambua kupitia faili la pili, hifadhidata hukufungulia. Lilipotoka toleo la 2007 na muundo wake mpya wa faili, utaratibu huo haukuingizwa katika muundo mpya. Sisi tulibaki na faili letu la zamani, na hakuna aliyejali kwa kuwa lilikuwa likifanya kazi.

Kisha diski ya kompyuta ya ofisi ikafa. Mweka hazina alikuwa mwangalifu. Kila Ijumaa alikuwa akinakili hifadhidata katika flashi. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba lipo faili la pili, lililokaa katika folda nyingine kabisa. Tulipoweka hifadhidata katika kompyuta mpya, tukaambiwa hatuna ruhusa ya kuifungua. Tuliahirisha jambo hilo wiki baada ya wiki, mpaka mzee akaingia mlangoni.

Rai mbili

Mzee alituachia namba yake ya simu akarudi Bombo. Jioni ile kamati ilikaa, na kikao kiligawanyika pande mbili.

Upande wa kwanza ulisema tuvunje. Ndugu yetu mmoja anayesoma kompyuta alisema zipo programu za kufungua hifadhidata za aina hii, na akatuomba muda wa mpaka Isha tu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: hifadhidata ni yetu, mfuko ni wetu, na mtu hawezi kuiba mali yake mwenyewe. Sitaficha, mimi nilikuwa upande huo.

Upande wa pili ulisema tuache. Walikumbusha ahadi ya siri tuliyowapa watu. Wakakumbusha pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na kuingia katika mfumo bila idhini ni kosa. Dada mmoja mwenye elimu nzuri ya fiqhi akaongeza hoja nzito zaidi. Alisema asili ya mwanadamu ni kutokuwa na deni. Anayedai ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi, na sisi hatuna ushahidi tunaoweza kuusoma. Kwa hiyo tumwambie mzee aende kwa amani, mwanawe hadaiwi.

Hoja hiyo ya mwisho ilitunyamazisha, na nilirudi nayo chumbani usiku. Ni kweli kwamba wanazuoni wa fiqhi wameweka kanuni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Lakini kanuni hii hutegemea unaanza na yakini ipi. Kama tungekuwa hatujui kwamba marehemu alikopa, yakini yetu ingekuwa kwamba hadaiwi, na shaka isingeiondoa. Hapa tulijua alikopa. Yeye mwenyewe alimwambia baba yake. Tusichokijua ni kama alimaliza kulipa. Basi yakini ni deni, na shaka iko katika malipo. Kanuni ileile iliyotumiwa kumwondolea marehemu deni ndiyo inayolibakisha.

Asubuhi yake nilimpigia mzee kumpa pole kwa kuchelewa, na nikamgusia kwamba huenda tusipate ushahidi wowote, na kwamba kuna wanaoona jambo liishie hapo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, sikuja kutafuta njia ya kupunguziwa. Nimekuja kutafuta ukweli. Yeye hawezi tena kuja mwenyewe."

Nadhani kila anayesoma habari za Mtume (S.A.W.) anajua kwa nini mzee alisema hivyo. Aliletewa jeneza la mtu aliyekufa akiwa na deni la dinari tatu bila kuacha cha kulilipia, akawaambia masahaba wamswalie wao. Hakumswalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolibeba deni lile. Deni la maiti si tarakimu ya kufutwa kwa kutikisa kichwa kwenye kikao.

Mwingine akasema basi tulisamehe tu, liwe kiasi chochote. Nalo hilo haliwezekani. Mfuko umechangiwa na watu kwa sharti la kukopeshana. Kamati ina haki ya kuutunza, haina haki ya kuugawa kama mali ya baba yake. Anayesamehe ni mwenye haki.

Nani mwenye hifadhidata?

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la upande wangu. Tulisema "ni yetu". Lakini ukiitazama hifadhidata ile kwa utulivu, utakuta ndani yake haki za watu watatu. Pesa ni za waliochanga. Siri ni za waliokopa na waliopewa zaka. Kamati haina kitu humo isipokuwa kazi ya kulinda. Mlinzi wa ghala akisema "nina haki ya kuvunja mlango kwa sababu mimi ndiye mlinzi", mwenye ghala ana sababu ya kuanza kuwa na wasiwasi.

Aya ya 189 ya Suratul Baqara inazungumzia Waarabu wa zama za ujahilia ambao, wakiwa katika ihramu, walikuwa wakiingia nyumba zao kwa nyuma na kudhani huo ni wema. Wakafundishwa kwamba wema ni uchamungu, na kwamba nyumba huingiwa kwa milango yake. Angalia kwamba nyumba zile zilikuwa zao wenyewe. Hakuna aliyeiba. Hata hivyo njia ya kuingilia ilikuwa na uzito wake. Na katika Suratun Nur tumefundishwa kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini, na tukiambiwa turudi, turudi.

Kisha nikakumbuka ufunguo wa Kaaba. Mwaka wa 8 Hijria Mtume (S.A.W.) aliingia Makka akiwa mshindi. Hakuna aliyeweza kumzuia kufungua mlango wowote katika mji ule. Ufunguo ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Uthman bin Talha, akauchukua, Kaaba ikafunguliwa, kisha akamrudishia Uthman yuleyule. Wafasiri wengi wanaitaja habari hii wanapoieleza aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Mpaka leo ufunguo ule unashikwa na ukoo huohuo. Ninachokiona hapa ni kwamba uwezo wa kufungua ni jambo moja na haki ya kushika ufunguo ni jambo jingine. Ndugu yetu wa kompyuta alikuwa na uwezo. Sisi sote tukauchukulia uwezo wake kuwa ni haki yetu.

Na jambo la aibu zaidi ni hili: mlango ulikuwepo. Katibu aliyetengeneza hifadhidata ile yu hai, anafanya kazi Doha, na namba yake tulikuwa nayo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumpigia. Kuvunja kulionekana rahisi kuliko kuuliza.

Mlango wenyewe ukafunguka

Tulimpigia. Alipotusikiliza alicheka kwanza, kisha akatueleza jambo ambalo sikulijua. Alisema faili la usalama likipotea linaweza kutengenezwa upya, mradi uwe na yale yaliyolizaa. Unahitaji jina la aliyelitengeneza, jina la taasisi na namba ya utambulisho wa kundi, yote kama yalivyoandikwa mara ya kwanza, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Kisha unahitaji jina la kila mtumiaji pamoja na namba yake binafsi ya utambulisho, yenye herufi 4 hadi 20. Mfumo hutumia hayo kuzalisha alama ya siri ya mtumiaji. Hifadhidata huitambua alama ile. Maneno ya siri ya zamani hayahitajiki kabisa, unaweka mapya.

Jambo hili lilinifikirisha sana. Sisi tulikuwa tukihangaikia maneno ya siri, nani anayakumbuka, nani aliyabadilisha. Kumbe hifadhidata haikujali neno la siri la mtu. Ilitaka kujua wewe ni nani.

Taarifa zile alikuwa amezichapa siku ya kwanza, kama programu ilivyomshauri, akazibandika katika daftari. Daftari lilikuwa nyumbani kwa mama yake, Jinja. Mdogo wake akalileta kwa mkono. Tulijaribu mara ya kwanza ikakataa. Jina la jumuiya tulikuwa tumelianza kwa herufi ndogo. Mara ya pili ikakataa; tulisoma sifuri mahali palipokuwa na herufi O. Mara ya tatu ikafunguka.

Katika chumba kile tulikuwa watu watatu: katibu, mweka hazina na mlezi wa jumuiya aliyekuja kuwa shahidi. Mimi nilikaa nje. Waliangalia jina moja tu. Marehemu alikopa shilingi 300,000, amelipa 220,000, na alikuwa amebakiza 80,000.

Tulimwambia mzee anaweza kutuma kwa simu. Alikataa, akaja mwenyewe. Bahasha aliyokuwa nayo siku ya kwanza ndiyo ileile, na sasa tukajua ndani yake mlikuwa na nini. Alihesabu 80,000 mezani, akaomba risiti, akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa kanzu. Kisha akatuombea dua sisi, wakati sisi ndio tuliomchelewesha.

Na kama daftari lisingepatikana?

Najua msomaji makini ataniuliza hivyo, na atakuwa na haki. Ni rahisi kusifu mlango baada ya mlango kufunguka. Je, kama katibu yule angekuwa amefariki, na daftari limeliwa na mchwa?

Jibu langu ni kwamba tungeruhusika kuvunja, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza ni kutafuta kwa dhati. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba pete ya Mtume (S.A.W.), ambayo ndiyo ilikuwa muhuri wa barua zake, ilivaliwa baada yake na Abu Bakar, kisha Umar, kisha Uthman (R.A.), mpaka siku ilipotumbukia katika kisima cha Aris. Waliitafuta kwa siku tatu, hata maji ya kisima yakatolewa, wasiipate. Kazi ya umma haikusimama kwa sababu pete imepotea, maana amana haikuwa katika pete. Lakini walitafuta kwanza, tena mpaka mwisho. Sisi tulitaka kuvunja kabla ya Isha ya siku ya kwanza.

Sharti la pili ni idhini ya wenye haki. Warithi wa marehemu wameomba. Uongozi na mlezi waafiki kwa maandishi. Na kazi ifanywe mbele ya mashahidi, si na mtu mmoja chumbani kwake.

Sharti la tatu ni kipimo. Wanazuoni wamesema kinachoruhusiwa kwa dharura huruhusiwa kwa kadiri ya dharura yenyewe. Dharura yetu ilikuwa jina moja. Majina mengine yote yalibaki haramu kwetu kuyatazama, hata kama yako kwenye skrini ileile.

Sharti la nne ndilo zito, na kwenye kikao wengi walilikataa: kuwaambia wale wengine. Mtu aliyekupa siri yake chini ya kufuli ana haki ya kujua kwamba kufuli limevunjwa, na kwa nini. Kama unaona aibu kuwaambia, basi huenda ndani ya nafsi yako unajua kwamba hukupaswa kuvunja. Atakayesema kuwaambia kutaleta fitina, namuuliza: na wakijua wenyewe baadaye?

Kosa letu lilianza wapi

Baada ya yote nimegundua kwamba swali la kuvunja au kutovunja lilikuwa swali la pili. La kwanza lilipita miaka mingi kabla, siku katibu yule alipohitimu akakabidhi ofisi. Alikabidhi funguo za mlango, muhuri, daftari la mahudhurio. Ufunguo uliokuwa mkubwa kuliko zote ulibaki katika daftari lake, nyumbani kwa mama yake. Hakuwa na nia mbaya. Aliyempokea hakuuliza, aliyefuata hakujua hata kwamba kuna la kuuliza.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu mwenye jambo la kuusia asipitishe masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Huwa tunaielewa hadithi hii kuwa ni ya wazee wenye mashamba na nyumba. Lakini mwanafunzi wa miaka 22 anayeshika neno la siri la akaunti ya michango ya msikiti ana jambo la kuusia. Anayeshika orodha ya mayatima wanaosaidiwa ana jambo la kuusia. Marehemu ndugu yetu hakujua kwamba likizo ile ndiyo ya mwisho, nasi hatujui.

Kamati yetu sasa imeweka utaratibu. Mafaili yote mawili yananakiliwa kila Ijumaa, na taarifa za kulitengeneza upya faili la usalama zimo katika bahasha mbili zilizofungwa kwa lakiri, moja kwa mlezi, moja kwa imamu. Kila uongozi mpya unazikagua siku ya makabidhiano kwamba lakiri haijaguswa, na unatia saini. Siri imebaki siri, na haitegemei tena uhai wa mtu mmoja.

Ndugu msomaji, kabla hujafunga jarida hili, tafakari ni milango mingapi ya watu wengine ambayo ufunguo wake uko kichwani mwako peke yako. Kisha tafuta karatasi.

Allah atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zetu na ahadi zetu, amlipie kheri mzee wetu wa Bombo, na aiweke roho ya mwanawe mahali pema. Wabillahi tawfiq.